Gurudumu la Tsofa

Kila likizo, kabla jua halijawa kali, mimi na mama hufungua gereji yetu ya pikipiki karibu na njia panda ya Msambweni. Mimi hufagia, hunyunyiza maji ili vumbi lisipande, kisha hupanga spana kuanzia ndogo hadi kubwa. Nikishamaliza, mama hupita akazipanga upya. Nimemwuliza mara nyingi kosa langu ni lipi. Hunijibu, "Hakuna kosa, mwanangu. Nataka tu kujua kama zote zipo." Sasa kama atazipanga mwenyewe, si angeniacha nilale?

Mama anaitwa Bi Zainabu. Sehemu zetu hakuna fundi mwingine mwanamke, na waendeshaji bodaboda humwogopa kuliko wanavyowaogopa askari wa barabarani. Ukimletea pikipiki yenye mnyororo mkavu, hakugombezi. Hukutazama wewe, huutazama mnyororo, hukutazama tena, mpaka unaomba msamaha bila kuambiwa. Mimi, Mwanasha, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, hutazamwa hivyo karibu kila siku.

Alhamisi moja mwezi wa Agosti alikuja Tsofa, mwendeshaji bodaboda wa kutoka Kikoneni, mtu ambaye mdomo wake una kasi kuliko injini yake. Alikuwa amevaa tairi jipya begani. Alikuwa amelinunua dukani kwa Ami Abdulrahim, muuzaji wa spea aliye ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji yetu.

"Shikamoo, Mama Mwanasha."

"Marahaba, Tsofa. Hilo tairi ni la pikipiki au ni shali?"

"Ni la gurudumu la mbele, mama. Lile la zamani limekuwa laini kama paja la mtoto."

Mama alilifungua gurudumu, akalivua tairi kuukuu na kulivalisha jipya. Kazi iliyobaki ilikuwa kulisawazisha. Tairi jipya likishaingia kwenye rimu, gurudumu huwa na upande mmoja mzito kuliko mwingine, na uzito huo huwezi kuuona kwa macho. Kwa hiyo mama huchomoa sahani ya breki, hupitisha ekseli katikati, na kuilaza ekseli hiyo juu ya stuli mbili ili gurudumu lining'inie huru bila kuguswa na chochote. Hulisukuma polepole, kisha hungoja lisimame lenyewe. Upande mzito huja chini. Hutia alama ya chaki, halafu hubana kipande cha risasi kwenye spoki ya upande wa juu, ule mwepesi. Hulisukuma tena na tena, akiongeza na kupunguza, mpaka liwe halichagui tena pa kusimama.

Risasi zenyewe ni chubwi, zile zinazofungwa kwenye nyavu ili zizame. Mama huzinunua kwa wavuvi, huzipasua kwa tindo na kuzibana kwa koleo. Kazi hiyo haina ugumu. Inachosha tu, kwa sababu sehemu kubwa yake ni kungoja, na mimi na kungoja hatujawahi kuelewana.

Kabla mama hajaweka gurudumu kwenye stuli, simu yake ililia. Kuna mtu alikatikiwa na mnyororo kule Milalani, akiwa na abiria mgonjwa.

"Mwanasha, umeshafanya kazi hii nami mara nyingi," aliniambia huku akifunga mfuko wa vifaa. "Sawazisha gurudumu la Tsofa. Lisukume hata mara tano, usilifanyie haraka. Halafu ulirudishe kwenye pikipiki."

"Sawa, mama."

Niliisema ile "sawa" vizuri sana. Laiti ningeifanya vizuri vilevile.

Saa kumi nilikuwa na miadi kwa Mwanaima, dada anayepaka hina mtaani kwetu. Ijumaa kulikuwa na harusi kwa jirani, na wasichana kumi na wawili walikuwa kwenye foleni. Ukikosa zamu yako, unapakwa mwisho, wakati Mwanaima amechoka na maua yake yanafanana na buibui. Nilitazama saa. Ilikuwa tisa na dakika arubaini.

Basi nikapata akili. Kwa nini nihangaike na stuli, na baadaye nilirudishe gurudumu? Nililifunga moja kwa moja kwenye pikipiki, nikatia tofali chini ya injini ili gurudumu liinuke, nikalisukuma. Liliimba shii, shii, shii, likasimama. Nikatia chaki, nikabana chubwi mbili upande wa juu, nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu. Mwenye akili angejiuliza ile shii shii ilikuwa ya nini. Breki ilikuwa inakwaruza. Gurudumu halikusimama kwa sababu ya uzito, lilisimamishwa na breki pale ilipolikamata. Lakini mimi nilikuwa na akili ya hina.

Jioni mama aliniuliza, "Ulilisukuma mara ngapi?"

"Mara tano," nikasema, nikipuliza viganja vyangu vikauke.

Asubuhi ya Ijumaa, Tsofa huyo.

"Mama Mwanasha, usukani unatetemeka kama mwenye homa! Kule kwetu Kikoneni sikujua, maana ile njia hutetemesha hata mawazo. Lakini nikipanda lami kuelekea Diani, nikifika kasi ya sitini tu, basi! Nilimbeba Cynthia, yule wa hotelini. Alikuwa akizungumza na mkubwa wake kwenye simu, sauti ikawa inatoka kama ya mbuzi. Mkubwa wake akamwuliza kama yuko zizini."

Nilicheka kuliko wote. Mama hakucheka. Alipima upepo, akapunguza kidogo, akakaza nati za ekseli. "Nenda."

Tsofa alikwenda. Kabla ya adhuhuri akarudi.

"Bado, mama. Sasa hata meno yananiuma."

Mama aliinama, akalegeza breki iliyokuwa inakwaruza, akakagua beringi moja baada ya nyingine, akazipaka grisi. Harusini tulifika watu wakiwa wameshakula pilau, na sahani tuliyopewa ilikuwa na viazi vitatu na mfupa mmoja. Mama aliutazama ule mfupa kama anavyoutazama mnyororo mkavu.

Jumamosi asubuhi nilisikia mlio wa pikipiki ya Tsofa kabla sijaiona. Nilitamani iwe ya mtu mwingine. Tsofa alishuka, akavua kofia yake, akakaa chini kwenye tofali bila kusema neno. Tsofa kukaa kimya ni jambo la kutisha.

"Bado?" mama akauliza.

"Abiria wamenikimbia, mama. Mmoja amesema afadhali atembee."

Mama alishika kiuno. "Upepo nimepima. Nati nimekaza. Beringi nimezikagua moja moja. Breki nimeilegeza. Gurudumu limesawazishwa, Mwanasha amelisukuma mara tano." Akaihesabu ile "mara tano" kwenye kidole chake cha mwisho, kama jambo lisilo na shaka. "Hapo limebaki tairi lenyewe. Tairi ni bovu. Abdulrahim amemwuzia mteja wangu tairi lililopinda!"

Nikasogea karibu naye. "Mama, labda tulipime tena..."

"Tupime nini? Si umeshapima?"

"Nimepima, lakini..."

"Basi niache, Mwanasha. Kichwa kinaniuma."

Akavuka barabara kwa hatua ndefu, Tsofa nyuma yake, na mimi nyuma ya Tsofa. Ami Abdulrahim alikuwa akipangusa vioo vya pembeni kwa kitambaa. Ni mzee mpole. Tangu nikiwa mdogo hunipa beringi zilizochakaa nichezee.

"Bi Zainabu, karibu. Sabalkheri."

"Haina kheri, Bwana Abdulrahim. Tangu lini umeanza kuuza matairi mabovu?"

Ami aliacha kupangusa. "Mabovu? Bi Zainabu, matairi ya aina hiyo nimeuza kumi mwezi huu. Hakuna hata moja lililorudi."

"Hili limerudi. Limerudi mara tatu!"

"Basi pengine tuliangalie pamoja..."

"Nimeliangalia siku mbili nzima! Nimechelewa harusini kwa sababu yake! Unataka kuniambia mimi sijui kazi yangu?"

"Sijasema hivyo, dada yangu. Wallahi sijasema hivyo." Sauti ya Ami ilikuwa imeshuka. Wateja wawili waliokuwa dukani walitazamana. Mmoja alirudisha mezani tyubu aliyokuwa ameishika, akatoka taratibu bila kuaga.

Nilimwona Ami akimtazama yule mteja akiondoka. Hakumwita.

Nilijiambia nitamweleza mama nyumbani, tukiwa wawili, baada ya chakula. Pengine Jumatatu. Lakini Tsofa alikuwa ametoa simu.

"Hapa hapa nawajulisha wenzangu," alisema. "Kundi letu la steji lina watu arubaini na wawili, na wote hununua kwa huyu mzee." Akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti, akaileta simu mdomoni. "Jamani, ndugu zangu wa steji, Tsofa hapa. Nataka kuwatahadharisha kuhusu duka la..."

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Tairi ni zima! Ni mimi sikulisawazisha! Nililisukuma mara moja tu, likiwa kwenye pikipiki na breki inakwaruza, nikadanganya, nikaenda kupakwa hina!"

Tsofa alishtuka hata kidole kikaachia kitufe. Simu ikalia twi! Ujumbe ukaenda, na kelele zangu ndani yake.

Tukaitazama simu, sote wanne. Ikalia tena, na tena. Tsofa akasoma kwa sauti ndogo: "Wanauliza hina ya nani."

Hakuna aliyecheka. Mama alinigeukia. Aliitazama mikono yangu, akanitazama usoni, akaitazama mikono tena. Safari hii sikungoja mara ya tatu.

"Nisamehe, mama."

"Chukua stuli," alisema.

Tulivuka barabara kurudi gereji, nami nikalifungua gurudumu mbele ya watu wote. Nilichomoa sahani ya breki, nikaondoa zile chubwi zangu mbili za uongo, nikaipitisha ekseli na kuilaza juu ya stuli. Grisi ilijaza maua yote ya Mwanaima. Nikasukuma, nikangoja. Gurudumu lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likaenda kidogo, likarudi, likatulia. Nikatia chaki. Nikasukuma tena. Alama ikaja chini palepale. Na tena. Palepale. Ndipo nilipoona mahali nilipokuwa nimebana chubwi siku ya Alhamisi: palikuwa karibu kabisa na hiyo alama. Nilikuwa nimeuongezea uzito upande uliokuwa mzito tangu mwanzo!

Mama aliona, nami nikaona kwamba ameona. Alivuta pumzi ndefu, akaniletea koleo.

Nilibana chubwi moja upande mwepesi, nikasukuma, nikangoja. Nikaongeza ya pili. Nikakata nusu ya tatu. Jua lilikuwa limeshapanda, na jasho likawa linaniingia machoni. Mwishowe gurudumu likasimama chaki ikiwa juu. Nikasukuma, ikasimama ikiwa kando. Nikasukuma tena, ikasimama chini kidogo ya katikati. Halikuwa linachagua tena.

Nililirudisha kwenye pikipiki, na Tsofa akaondoka kuelekea upande wa Diani. Tulingoja, mama kwenye tofali, mimi nimesimama, na Ami Abdulrahim mlangoni pa duka lake. Aliporudi alikuwa ameachia usukani mkono mmoja na anapunga mwingine.

"Kasi ya sabini, mama! Limetulia kama maji mtungini!"

"Shika usukani kwa mikono miwili, Tsofa," mama alisema. Kisha akavuka barabara, nami nikamfuata.

"Bwana Abdulrahim," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mihogo, "nimekukosea mbele ya wateja wako, na mbele ya watu nakuomba radhi. Tairi lako ni zima. Mimi ndiye niliyekuja na hasira bila hakika."

"Yamekwisha, Bi Zainabu," alisema Ami.

Nikamshika mkono Ami, grisi na yote, nikamwomba msamaha. Aliniambia amenisamehe. Lakini nilipotazama meza yake, ile tyubu aliyoirudisha mteja bado ilikuwa pale.

Tulirudi gereji. Nilingoja kugombezwa, na naapa ingekuwa afadhali. Mama aliketi, akanivuta niketi mbele yake.

"Mwanasha, kazi mbaya nisingekuchukia kwayo. Mimi pia nimewahi kubana risasi upande usiofaa. Ungeniambia 'mama, nilifanya haraka', tungelifungua, saa moja, yamekwisha. Lakini wewe ulinipa neno, nami nikalichukua. Nilikagua upepo, nati, beringi na breki. Kitu kimoja tu sikukikagua, neno la mwanangu, kwa sababu sikuona haja. Na nikiwa na neno hilo nikaenda kumvunjia heshima mtu asiye na kosa. Unafahamu? Ukimdanganya mtu anayekuamini, humfanyi mjinga tu. Unamfanya amdhulumu mwingine, naye anadhani anatetea haki."

Nilikwangua grisi iliyoganda juu ya hina. Mara hii hata mzaha haukunijia.

"Sasa," mama alisema, akisimama, "chukua simu yangu. Mpigie Tsofa akuunganishe na lile kundi lao. Utawaambia wote, kwa sauti yako, wakanunue wapi tairi."

"Wote arubaini na wawili, mama?"

"Wote. Na usilifanyie haraka."