Shavu la Kifaru wa Linxia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, fuvu la kifaru wa kale lilikutwa limevunjwavunjwa katika ghala la makumbusho, bonde la Linxia, nchini China. Inspekta Qi Wanrong alipofika saa tatu, mchimbaji Ma Ersa alikuwa ameshatiwa pingu.

Kilichompokea Qi mlangoni ni uvundo, kama kwato zinazoungua.

"Mpishi anababua kichwa cha kondoo," alisema Mkurugenzi Lu Dekang. "Mwizi wako huyo hapo. Fuvu alilichimba mwenyewe, sasa karudi kuliibia meno. Si unajua wauza dawa za asili wanavyoyagombania? Wanayaita meno ya joka."

"Afande, nina watoto watatu," alisema Ersa. "Nikifungwa, watalishwa na nani?"

Qi alichuchumaa, akayakagua meno sakafuni. Yote yalikuwepo. Kilichokosekana ni mfupa wa shavu la kushoto, ambao hakuna muuza dawa angeutaka. Mwizi gani aache meno abebe shavu?

Akapita jikoni. Meko yalikuwa ya baridi, na mpishi hajafika.

Basi akaufuata uvundo hadi ofisini kwa Lu, Lu na Ersa wakiwa nyuma yake, akafungua jiko la makaa na kuchomoa kitu kwa koleo. Lilikuwa shavu lile, na kwenye ufa wake gundi ya ngozi ya mnyama ilikuwa inatokota.

"Kesho wageni wa Beijing wanakuja na mashine ya kuona ndani ya mfupa," alisema Qi. "Wangeona nini hapa, Mkurugenzi?"

Ersa ndiye aliyejibu.

"Mimi nilimletea mafuvu mawili, afande. Moja la udongo mwekundu, jingine la tabaka la chini kabisa, la kale zaidi."

"Ukayaunga," Qi alimwambia Lu, "ukatangaza umempata babu anayeunganisha koo mbili za vifaru wa Asia."

"Dunia nzima ilinipigia makofi!" Lu alifoka. "Na huyu ni mchimbaji tu. Angekaa ndani mwaka, miwili, basi."

Qi alimfungua Ersa pingu.

"Unanuka kuliko jiko lako," alisema, akamtia Lu pingu zile zile.

Ersa hakukimbilia nyumbani. Alirudi ghalani, akapiga magoti na kuyatenga meno mafungu mawili, taratibu.

"Vifaru hawa hawakuwahi hata kuonana, afande," alisema. "Kila mmoja arudishiwe yake."