Chai ya Wageni wa Usalama

Nina miaka thelathini na tisa, ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka miwili nilikuwa mshika bendera katika mjengo mmoja mkubwa kule Upper Hill. Wasomaji wenzangu, msianze kunihurumia mapema. Nisikieni kwanza.

Malori yalikuwa yakiingia kinyumenyume, kwa rivasi, kuchukua udongo wa msingi, na njia hiyo hiyo ndiyo waliyopita vibarua. Nikiinua bendera nyekundu watu wanasimama, lori linarudi. Nikiinua ya kijani lori linasimama, watu wanapita. Hata mtoto wa chekechea angeielewa kazi hiyo.

Aliyenitafutia kazi alikuwa nyapara wetu, Mzee Karanja, jirani yangu wa Mutuini na mzee wa kanisa letu. Nilimshukuru hadi nikampelekea kuku. Leo nikimkumbuka yule kuku naona uchungu, maana alikuwa kuku mzuri.

Karanja alikuwa na ofisi ya mabati, kofia nyeupe isiyojua vumbi, na mdomo. Kila Jumatatu asubuhi aliniita nijaze fomu za ukaguzi wa malori. Za wiki nzima! Breki, vioo, king'ora cha rivasi... vyote niliweka tiki kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, hata kwa malori ambayo sikuwa nimeyaona. Ukimuuliza anacheka.

"Mama Shiru, hiyo ni karatasi tu. Karatasi haiendeshi lori."

Basi nikatia sahihi. Mimi nani, mshamba wa kupewa kalamu, nikajiona nimepanda cheo.

Rafiki yangu pale mjengoni alikuwa Wycliffe, mfunga vyuma kutoka Bungoma, baba wa mtoto mmoja. Saa saba tulikula githeri pamoja. Alizoea kunitania kwamba serikali pekee anayoitii Nairobi nzima ni bendera yangu.

Alhamisi moja tukaambiwa wageni kutoka ofisi kuu wanakuja kukagua usalama. Mngemwona Karanja! Mawe ya getini yalipakwa chokaa. Tuligawiwa fulana mpya za riflekta na kuonywa tuzirudishe jioni zikiwa safi. Kisha akagundua ving'ora vya malori vitameza hotuba yake, akawaamuru madereva wang'oe nyaya mpaka amalize kusema. Na hotuba yenyewe ilihusu nini? Usalama.

Wageni walipokaa, akanijia mbio.

"Mama Shiru, wacha hiyo bendera kidogo. Kuja umiminie wageni chai, hawa wanaume wetu watatuaibisha."

Nikamuuliza nani atasimama pale. Akasema dakika tano tu, ameshawaambia madereva watulie. Uongo mtupu. Aliwaambia wang'oe nyaya, kusimama hakuwaambia. Nami, kwa ule utumwa wangu, nikaichomeka bendera kwenye tundu la jiwe la kujengea, nikapangusa mikono nikaenda.

Nilikuwa kwenye kikombe cha tatu. Karanja alikuwa anasema usalama ni jukumu la kila mtu... Ndipo nikasikia watu wakipiga mayowe. King'ora hakikulia, kingelia vipi? Nilipofika, Wycliffe alikuwa chini ya gurudumu la nyuma, na dereva ameshika kichwa akisema hakumwona, hakumwona.

Hospitalini walimkata mguu wa kulia juu ya goti.

Kesho yake Karanja aliniita ofisini, akaweka ile fomu mezani. Alhamisi, king'ora cha rivasi, tiki. Akaniuliza sahihi hiyo ni ya nani. Akanieleza kwa upole, kama anayefundisha Sunday school, kwamba nikisema king'ora kilikuwa kimezimwa nitafungwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lakini tukisema jamaa alikuwa anaongea na simu, kila mtu atalala usingizi. Baada ya hapo akatuombea. Ndiyo, aliomba, tena ombi refu!

Nikaandika taarifa kwamba Wycliffe alipita bila kuangalia, simu sikioni. Simu ya Wycliffe ilikuwa stoo inachajiwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemchomekea asubuhi ile.

Kwa karatasi hiyo akaambiwa alijiumiza mwenyewe, hakuna fidia. Na mimi? Wiki tatu hazikuisha nikafutwa kwa kosa la kuacha kituo cha kazi. Barua iliwekwa sahihi na Karanja. Jumapili yake alinipitishia kikapu cha sadaka akitabasamu. Nilimdharau mtu yule kuliko nilivyowahi kudharau kiumbe, lakini nilipotafuta tofauti kati yangu na yeye, niliona ni kofia tu.

Nikanunua machungwa, nikaenda hospitalini kumwona Wycliffe. Mkewe, Nafula, alinipisha kiti. Nikaanza kulia, nikimlaumu Karanja na chai yake. Wycliffe akanikatiza taratibu.

"Mama Shiru, bendera ilikuwa kijani."

Ni kweli. Karanja aliponiita, watu walikuwa wanapita, na niliichomeka vile vile ilivyokuwa mkononi, chini ambapo mpita njia angeiona lakini dereva hangeiona. Nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu. Hilo nililijua tangu siku ile ile na sikumwambia mtu.

"Niliiona, ndio nikapita," akasema. "Polisi waliniuliza kama kulikuwa na bendera. Nikawaambia sikumbuki. Uko na watoto, singetaka ushikwe." Kisha akasema kinachomuuma si mguu. "Kuna mtu alisema nilikuwa kwa simu. Sijui nilimkosea nini huyo mtu."

Nikamwambia ni mimi.

Aligeuza uso ukutani. Nafula hakunitukana. Aliyachukua machungwa, akayarudisha moja moja kwenye mfuko wangu, akanifungulia mlango.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kituo cha polisi nikaandika upya yote: tiki, nyaya, chai, na ile kijani. Sasa mimi na Karanja sote tumeshtakiwa, tunasubiri kesi, na Mutuini wananiita msaliti wa mzee wa kanisa. Waniite. Wycliffe bado hapokei simu yangu, naye ana haki.

Ndugu zangu mnaofanya kazi za mjengo, nawasihi, msitie tiki kwa lori ambalo hamjalisikia likilia. Na wewe uliyepewa bendera, kuna mtu anayeiamini kuliko macho yake. Usiiachilie kwa ajili ya nyapara, wala mzee wa kanisa, wala mgeni yeyote wa kofia nyeupe. Wakitaka chai, wajimiminie.