Vitanzi Vitano vya Opal

Asubuhi ile risasi zote tano zilikuwa zimegeuzwa.

Tansy aliziona akimnyonyesha mtoto, bunduki ya marisau ikiwa palepale juu ya mlango wa jikoni. Verlin, mumewe, alimfundisha tangu wiki ya harusi: risasi za akiba hukaa ubavuni mwa kitako, nne shaba ikitazama chini, ya tano ikitazama juu, maana hiyo ya tano ni ya donge moja, ya dubu, na vidole huijua bila macho. Sasa nne zilitazama juu, ya tano chini.

"Umezigusa?"

"Nizigeuze ili iweje?" Verlin alikuwa akifunga buti za mgodini. "Labda mwanao ameanza kuwinda."

Akacheka, akaenda. Tansy hakucheka, kwa sababu juzi alikuwa amefanya jambo. Vile vitanzi vya ngozi vilivyoshika risasi vilishonwa kwa uzi mwekundu na Opal, mke wa kwanza, aliyefia humu ndani bila kuzaa, na kila jioni Verlin aliishusha bunduki akaipaka ile ngozi mafuta taratibu, kama anayempaka mtu mgongo. Picha Tansy alizivumilia. Kaburi kilimani alilivumilia. Lakini bunduki nayo ivae nguo ya mke mwenza? Akakata uzi kwa wembe, ngozi akaitia motoni, akafunga vitanzi vya mpira vya dukani. Verlin aliporudi alikaa tu na kitambaa cha mafuta mkononi.

Tangu hapo nyumba ilinuka ngozi iliyoungua.

Mama mkwe, Idella, alileta maziwa, akasimama mlangoni akinusa.

"Umechoma nini, mwanangu?"

Tansy akamwambia, kwa kunong'ona.

"Vya marehemu huzikwa miguuni pake. Ukivichoma umemfukuza, na aliyefukuzwa hutafuta pa kukaa."

"Anamtaka mume wangu, Mama."

"Verlin?" Idella aliguna. "Opal alilala naye miaka tisa akimsikiliza anavyokoroma. Huyo alishamchoka." Macho yake yalikuwa kwa mtoto. "Kesho twende kaburini ukamwombe radhi."

"Simwombi mimi."

Mchana mbwa akabweka barazani, pale mtoto alipolala kikapuni, na Tansy akaruka akaishusha bunduki na kukimbia huku vidole vikipapasa kitako kuitafuta ile ya tano, ya dubu, na vidole vikaingia kitanzi cha kwanza kitupu, cha pili kitupu, vyote vitano vitupu, na harufu ya ngozi ikamjaa kooni, na alipofika nje hapakuwa na dubu, alikuwepo mbwa tu, amerudi nyuma hadi ukutani, anakitazama kikapu.

Mtoto alikuwa macho, ametulia.

Kwenye pindo la blanketi lake palishonwa vitanzi vitano vya uzi mwekundu, na risasi zilikaa ndani, nne shaba chini, ya tano juu, sawasawa kabisa. Toka kitanzi cha mwisho uzi ulipita kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, ukazunguka mara mbili, ukashuka ngazi, ukakatiza nyasi kuelekea kaburini kilimani.

"Opal," Tansy akanong'ona. "Dada yangu, nisamehe."

Uzi ukakaza. Kikapu kikasogea kidogo.