Barua Ndani ya Kiti cha Baba

Kila jioni Mama Kifungo alitoa sahani tatu kabatini. Kila jioni aliirudisha moja. Alijua vizuri kwamba nyumbani sasa walikuwa wawili tu. Mkono wake ndio ulikuwa haujazoea.

Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Binti yake alikuwa na miaka tisa. Jina la Kifungo alilipata alipokuwa mchanga, siku aliyomeza kifungo cha kochi. Kifungo kilitoka salama siku ya pili. Baba yake alikiosha kwa sabuni, akakishona palepale kilipotakiwa. Mwenye kochi hajui mpaka leo.

Baba huyo alikuwa fundi makochi, na mtaa mzima ulimwita Sponji. Alisifika kwa jambo moja: viti vyake havikuwa na kelele. "Kikilia, nirudishie," aliwaambia wateja. "Nitakitengeneza bure." Hakuna aliyewahi kukirudisha.

Miezi minne iliyopita, Sponji aliondoka. Alisema amepata kibarua katika karakana ya mji wa mbali. Alibeba begi moja na nyundo yake ndogo. Cherehani kubwa aliiacha. Alipiga simu kila Jumapili saa kumi, kila mara kwa namba ngeni.

"Unarudi lini?" mkewe aliuliza.

"Hivi karibuni, mke wangu."

Hiyo hivi karibuni haikuwa na tarehe.

Mama Kifungo alimkumbuka mumewe kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Sponji alikuwa na tabia ya kubana misumari midogo kwa midomo huku akiongea. Ilibidi umzoee ndipo umwelewe. Zamani mkewe alimfokea, "Tema misumari useme kama watu!" Sasa hata maneno yale yasiyoeleweka aliyatamani. Sebuleni kulikuwa na kiti cha Sponji, alichokitengeneza kwa mikono yake. Hakuna aliyekikalia. Mama Kifungo alipopita aliugusa mkono wa kiti, mahali ngozi ilipochakaa, halafu akaenda zake jikoni.

Jumamosi moja asubuhi, mtu alibisha hodi. Alikuwa tarishi wa mahakama, mwanaume mrefu mwenye mkoba na viatu vya vumbi. Mitaani watu wakimwona huingia mitini.

"Mwenye nyumba yupo?" tarishi aliuliza.

"Amesafiri, kaka. Kuna nini?"

"Nimeleta wito wake. Huu ni wa pili. Ule wa kwanza alipokea mwenyewe, akasaini, kabla shauri halijaahirishwa."

"Wito wa nini? Mbona mimi sijaona kitu?"

Tarishi alimtazama, akaona huyu mama kweli hajui lolote. Akashusha mkoba wake.

"Dada yangu, mimi kazi yangu ni kufikisha. Watu wananiona kama nzige, lakini sili mtu. Hili ni shauri la madeni. Litasikilizwa baada ya wiki tatu. Asipofika, litaamuliwa bila yeye kusema neno. Hilo ndilo baya."

Mama Kifungo alishika mlango. "Sasa nifanye nini?"

"Maktaba ya umma unaijua? Nyuma kuna chumba namba nne. Kila Jumanne kuna mshauri wa madeni. Hatozi hata senti. Beba barua zote, zote kabisa. Na ukikutana na mtu kituoni anasema atakufutia madeni ukimpa kitu kidogo kwanza, mkimbie."

Tarishi alipoondoka, Mama Kifungo alipekua nyumba nzima. Alitafuta chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya masanduku ya vitambaa. Hakuona hata bahasha moja. Mwishoni aliketi sakafuni, amechoka.

"Mama, unatafuta nini?" Kifungo aliuliza.

"Barua za baba yako."

Mtoto alijikunyata. "Nikikwambia kitu hutanigombeza?"

"Sema."

"Huwa nakaa kwenye kiti cha baba ukiwa kazini. Nikimkumbuka. Kiti chake kinalia, mama. Kinalia kama mfuko wa mkate."

Kiti cha Sponji, kilie? Mama Kifungo alikiendea. Alikaa juu yake kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke. Kweli, chini yake kulikuwa na sauti ya karatasi. Aliugeuza mto wa kiti. Mshono wa Sponji huwezi kuuona hata ukiutafuta. Mshono huu ulikuwa mkubwa, umepinda, umepigwa kwa haraka na sindano ya magunia.

Alichukua mkasi akafumua. Bahasha zikamwagika sakafuni. Zilikuwa kumi na saba, na kumi na sita hazijafunguliwa. Iliyofunguliwa ilikuwa na muhuri wa mahakama.

Mama Kifungo alilia. Hakulia kwa ajili ya madeni, maana bado hakuyajua. Alilia kwa kumfikiria mumewe akikaa juu ya barua hizo kila jioni, akila chakula, akicheka na mtoto, na kusikia kila alipojigeuza.

Kesho yake, saa kumi, simu iliita.

"Baba Kifungo," alisema, "nimefumua kiti."

Sauti ya chini upande wa pili ikasema, "Basi umeshajua wewe ni mke wa nani."

"Mke wa Sponji. Rudi nyumbani."

"Nirudi nikamatwe? Nimefilisika, mke wangu. Mtu aliyefilisika anachukuliwa kila kitu. Nikiwa mbali, labda watawaacha. Nitamtazama vipi baba yako?"

"Baba yangu hana shida. Mimi ndiye—"

Simu ilikatika. Alipiga namba ile mara tano. Haikupatikana. Akaanza kuogopa jambo moja tu: kwamba Jumapili nyingine simu haitaita, na mumewe atakuwa ametoweka moja kwa moja kwa sababu ya aibu.

Jumanne aliomba ruhusa kazini akaenda maktaba. Chumba namba nne kilikuwa kidogo, kina meza moja, viti viwili na feni iliyokuwa ikivuma. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Watu walimwita Bi Faili.

"Kwanza niambie bei," Mama Kifungo alisema akiwa bado amesimama.

"Bure."

"Bure ya kweli au bure ya matangazo?"

Bi Faili alicheka. "Ya kweli. Mshahara wangu unalipwa na wengine. Kaa, mama. Umeniletea nini?"

Mama Kifungo alimwaga mfuko mezani. Bi Faili aliinusa bahasha moja. "Hizi zilikuwa wapi? Zinanuka gundi."

"Ndani ya kiti. Mume wangu alizishonea."

"Wengine huchoma. Wa kwako amezitunza vizuri. Tuzifungue."

Walizifungua moja moja, wakazipanga kufuata tarehe. Taratibu habari yote ikajitokeza. Mwaka uliopita hoteli moja ilimwagiza Sponji viti arobaini. Alikopa benki anunue mbao na ngozi. Alimaliza viti vyote, akavifikisha. Mwezi huohuo hoteli ikafungwa kabla ya kumlipa, na mwenye hoteli hakuonekana tena. Ili kulipa benki, Sponji alikopa kwenye simu. Ili kulipa simu, alikopa kwa muuza vitambaa. Kila mkopo mpya ulikuja na riba yake.

"Hapo ndipo alipojifunga," alisema Bi Faili. "Kukopa ili kulipa deni ni kulihamisha tu, tena linahama likiwa limenenepa. Wewe ulisaini popote? Ulimdhamini?"

"Hapana. Sikujua."

"Basi deni ni lake, si lako. Mtu asikutishe eti mke lazima alipe."

Walijumlisha. Madeni yalikuwa sawa na mshahara wa Mama Kifungo wa miezi ishirini.

"Bi Faili, yeye anasema amefilisika. Niambie ukweli. Ndiyo kufungwa?"

"Sikiliza. Kufilisika ni hali. Maana yake madeni yamezidi uwezo wako, siku ya kulipa inafika na huna cha kulipia. Inaweza kumpata mtu mwaminifu kabisa. Kushindwa kulipa si wizi. Kosa ni kudanganya, kuficha mali, au kudharau wito wa mahakama. Huyu wa kwako bado hajafanya kosa. Ana wiki mbili na nusu za kufika."

"Na cherehani yake? Nilitaka kuiuza nipunguze."

"Usiuze chochote kabla hatujashauriana! Vifaa vya kazi sheria mara nyingi huvilinda. Bila cherehani atalipa kwa kitu gani? Ukiiuza, umeuza mshahara wake."

Bi Faili alimweleza njia zilizopo. Wanaweza kuwaandikia wadai wote na kuwaomba malipo madogo ya kila mwezi, yanayolingana na kipato. Wadai wakikataa, wanaweza kuiomba mahakama ipange. Na mtu asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba atangazwe muflisi. Hapo msimamizi hukusanya mali isiyo ya lazima na kuwagawia wadai, na baada ya muda madeni mengi yaliyobaki hufutwa.

"Lakini hiyo si njia ya mkato," aliongeza. "Jina lake huandikwa, na kukopa tena huwa tabu. Tena yapo madeni yasiyofutwa, kama matunzo ya watoto. Kila mtu na hesabu zake. Kwa hesabu zenu naona njia ya kwanza inatosha, maana mumeo ana ufundi."

Kisha Bi Faili alichukua tena barua moja ya benki. Aliisoma mara mbili, akaisogeza mbele ya mama.

"Hebu soma tarehe ya hii."

Mama Kifungo alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Benki ilisema imesikia hoteli imefungwa. Ilikuwa tayari kusimamisha riba na kupunguza malipo kwa nusu. Ilimtaka Sponji afike tu azungumze nao. Barua ilikuwa imeandikwa siku sita kabla ya Sponji kuondoka.

"Alikuwa ameikalia," Mama Kifungo alisema. "Miezi minne yote hii amekimbia bure. Alikuwa ameikalia."

Jumapili ilifika. Saa kumi simu haikuita. Saa kumi na moja haikuita. Kifungo aliacha kucheza, akaja kukaa karibu na mama yake. Simu iliita saa kumi na mbili kasoro dakika chache.

"Usikate," Mama Kifungo alisema haraka. "Usiseme neno. Nakusomea barua."

Alisoma barua ya benki yote, kuanzia anwani hadi sahihi. Alipomaliza, alisikia mumewe akipumua.

"Soma tena," alisema Sponji.

Alisoma tena.

"Hawakamati mtu?"

"Wanataka mtu wa kuongea naye. Na mimi pia nataka mtu wa kuongea naye. Nimepanga sahani tatu kwa miezi minne, Baba Kifungo. Nimechoka kurudisha moja. Njoo hata na mkono mtupu."

Sponji alirudi Jumatano, amekonda, nyundo yake ikichungulia kwenye begi. Mlangoni alisita kama mgeni. Kifungo alimrukia shingoni, na mkewe akamtazama tu kwa muda mrefu, kwanza ashibe. Kisha akamwambia, "Unanuka moshi wa basi. Kaoge."

Jumanne iliyofuata walikwenda wote chumba namba nne. Sponji aliorodhesha kila deni, hata lile dogo la muuza vitambaa. Hakuficha hata moja. Waliandika kipato chao, kodi ya nyumba, chakula na ada ya shule. Kilichobaki ndicho walichowagawia wadai. Bi Faili aliandika barua, Sponji akasaini. Siku ya mahakama alifika nusu saa kabla ya wakati, amevaa shati lake la harusi. Tarishi alikuwa ukumbini. Alimkonyeza.

Wadai walikubali. Benki ilisimamisha riba. Kampuni ya mikopo ya simu ilinung'unika, mwishowe nayo ikakubali. Watalipa kwa miaka mitatu. Si muda mfupi, na mwezi mwingine hakuna cha ziada hata cha kununua viatu. Lakini cherehani inanguruma tena, na Sponji anaongea na misumari mdomoni kama zamani. Mkewe anamfokea ateme, huku moyoni anaomba asiteme.

Siku moja walipokuwa wanakula, bahasha ilipenyezwa chini ya mlango. Ilikuwa na muhuri wa mahakama. Wote watatu waliacha kutafuna. Sponji aliinuka, akachukua mkasi, akaifungua palepale, akasoma kwa sauti. Mahakama ilithibitisha mpango wao.

Alisimama na karatasi mkononi, hajui aiweke wapi.

Kifungo alivuta mto wa kiti cha baba yake. "Baba, nikuletee sindano?"

Sponji alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Mama Kifungo aliichukua barua akaibana kwa kibanio cha nguo, kwenye kamba aliyoifunga kando ya mlango. Siku hizi barua zote hukaa hapo, mbele ya macho ya kila mtu.

Kisha Sponji aliketi kwenye kiti chake. Kifungo alipiga magoti na kuweka sikio kwenye mto. Alisikiliza kwa muda.

"Kimenyamaza," alimwambia mama yake.

Mezani sahani zilikuwa tatu, na zote zilikuwa na chakula.