Maharage ya Kubaki, Maharage ya Kutoka

Kila asubuhi Tamsin Pocklington alipitia nyumbani kwa rafiki yake Auguste, na wasichana hao wawili wakafuata njia ya kando ya mto Welland hadi shuleni. Walikuwa darasa la sita mjini Spalding, Uingereza, mahali ambapo ardhi ni tambarare kama meza na mashamba ya kabichi huanza pale nyumba zinapoishia. Mzee Wilf, babu yake Tamsin, alikuwa amelima kabichi maisha yake yote. Danute, mama yake Auguste, alikuja kutoka Lithuania akiwa na Auguste mgongoni, na kazi yake ilikuwa kufungasha kabichi hizo hizo kiwandani.

Mwezi ule wa Juni, mwaka 2016, watu wazima hawakuwa na habari nyingine. Siku ya kura ya maoni ilikuwa imekaribia: Uingereza ibaki katika Umoja wa Ulaya, au itoke? Umoja huo ndio ulioruhusu watu wa Lithuania kama Danute kuja kuishi na kufanya kazi hapo. Jambo hilo lilizungumzwa kwa kinyozi, kanisani na kwenye foleni ya mkate. Tamsin alistaajabu. Watu waliozoea kulalamikia mvua tu, sasa walinong'ona na kupima maneno yao kama waliomo katika chumba cha mgonjwa. Swali lilikuwa kubwa kuliko mji mzima, na bado jibu lingetoka kwa watu aliowajua: muuza samaki, dereva wa basi, babu yake.

Mwalimu wao, Bi Thirkell, alitaka wanafunzi wajionee wenyewe. Aliwapa Tamsin na Auguste chupa mbili pana za kioo, moja imeandikwa KUBAKI na nyingine KUTOKA, pamoja na mfuko wa maharage meupe. Jumamosi wangesimama sokoni. Kila mtu angepewa harage moja, alitumbukize anapotaka, na akipenda aseme sababu.

"Kazi yenu ni kusikiliza," aliwaambia. "Msibishane na mtu, wala msimcheke mtu."

Tamsin alidhani watu wangewapita tu. Kumbe walisimama. Bibi mmoja aliyevaa glavu alilishika harage lake kwa muda mrefu, akasema kaka yake alizikwa Ufaransa wakati wa vita, na kwamba hataki kuona mataifa yale yakipeana mgongo tena. Alilitumbukiza kwenye KUBAKI. Mama mmoja akasema mwanawe amesubiri nyumba hadi amekata tamaa, na kwa daktari foleni haiishi, akatia KUTOKA. Kisha akaja Bwana Clive Sneath, muuza miche, mtu mkubwa mwenye sauti ya kukwaruza. Alitia KUTOKA, akabaki amesimama.

"Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema. "Nyinyi ndio wa kwanza."

Tamsin alisisimka mwili. Hakujua kwamba harage moja lingeweza kubeba mambo mengi kiasi kile.

Lakini chupa ya KUTOKA ilizidi kupanda, na Auguste alizidi kunyamaza. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Tamsin, hawa wote wanataka sisi tuondoke?"

Auguste alipokwenda chooni, Tamsin aliangaza huku na huku. Akachota maharage ya KUTOKA, akayamimina kwenye KUBAKI. Akachota tena na tena. Rafiki yake aliporudi na kuziona chupa, uso ulimchanua.

"Kumbe nilihesabu vibaya," alisema Auguste.

"Wamekuja wengi ulipokuwa huko," Tamsin akamjibu.

Jumatatu chupa ziliwekwa dirishani kwenye maktaba ya mji. Jioni ile Danute alimwalika Tamsin kula chapati za viazi. Alikuwa akiimba jikoni. Alimwambia Tamsin kwamba kwa wiki nyingi alikuwa akijiuliza kama majirani wanaomsalimia wanamtaka kweli, na sasa, baada ya kuziona chupa dirishani, moyo wake umetulia. Tamsin aliinamia sahani, akaikatakata chapati yake vipande vidogo vidogo.

Jumanne ilikuwa siku ya soko tena. Baada ya masomo wasichana hao wawili walikwenda na Bi Thirkell kuziangalia chupa, wakakuta watu wamejaa mbele ya dirisha. Bwana Sneath alikuwa mbele yao.

"Mwalimu, hizi si sauti zetu," alisema. Hakupaza sauti, na hilo liliogopesha zaidi. "Mimi nilikuwa pale. Niliona chupa ya KUTOKA ilivyojaa. Wakubwa hawatusikilizi, sawa, tumezoea. Sasa hata watoto?" Akamtazama Auguste. "Nadhani wote tunajua nani alikuwa na sababu ya kuyahamisha."

Auguste alitikisa kichwa kukana. Tamsin angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama yeye.

"Ni mimi," alisema. "Auguste hakuwepo. Hakujua chochote. Nilimwona anaumia, nikayahamisha."

Auguste aligeuka, akamtazama Tamsin kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa maji baridi. Bwana Sneath akavua kofia yake.

"Nimekusingizia, binti," alimwambia Auguste. "Nisamehe."

Bi Thirkell hakumgombeza Tamsin mbele ya watu. Aliagiza chupa zitolewe, zimwagwe, na kazi ianze upya hapo hapo kwenye ngazi za maktaba. Kisha akamuuliza Auguste kama angependa kwenda nyumbani.

"Hapana," alisema Auguste. "Nitashika chupa mwenyewe."

Watu wakapanga foleni. Safari hii hakuna aliyetania. Mmoja mmoja walimsogelea yule msichana wa Kilithuania, wakamtazama machoni na kutumbukiza harage, na wengi walieleza sababu zao polepole kuliko siku ile ya kwanza. Tamsin alitazama akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Hakuwa amewahi kuona watu wazima wakiwa wakweli hivyo.

Zamu ya mzee Wilf ikafika. "Natia KUTOKA, Auguste, na nakuambia usoni," alisema. "Sheria za shamba langu zinaandikwa mbali, na watu nisioweza kuwaondoa kwa kura yangu. Lakini wewe na mama yako nawataka hapa hapa."

Auguste akafikiri. "Lakini harage lako halisemi hivyo, babu."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Kweli, halisemi. Ndiyo maana inabidi niseme mimi."

Wa mwisho alikuwa Danute, ametoka kazini na mabuti yake, na habari alikuwa ameshazisikia njiani. Katika kura yenyewe ya Alhamisi hakuwa na haki ya kushiriki, kwa kuwa hakuwa raia wa Uingereza. Bi Thirkell alimpa harage. Watu wote walimpisha. Alilitia kwenye KUBAKI, likalia kidogo lilipogonga kioo, na kila mtu akasikia.

Chupa ya KUTOKA ilikuwa imejaa karibu na mdomo. Tamsin aliwaomba radhi Danute na binti yake huku machozi yakimtoka. Auguste akamshika mkono.

Danute akainama mbele ya Tamsin.

"Ulitaka kunifurahisha, mwanangu, najua," alisema. "Lakini jana niliimba kwa sababu ya jambo ambalo halikuwepo, na watu hawa ukawanyang'anya neno lao. Leo nina hofu kidogo. Hata hivyo wamesimama mbele yangu wakaniambia, nami nikawaambia. Usibadilishe anachosema mtu kwa kuwa kinauma. Mwache aseme, umsikilize hadi mwisho, kisha nawe useme lako. Hapo ndipo watu wanaweza kuishi mji mmoja."