Jeneza Lililotandikwa

Jirani yetu wa Nguvumali, Zeyana binti Badr, alipopewa ukurugenzi wa makumbusho madogo ya mjini Tanga, aliapa kwamba hayatakuwa ghala la vyungu. Urithi ni wa watu, akisema, si wa kabati. Alikuwa hana mume wala ndugu, ana mama tu, Bi Suhaila, aliyepooza upande mmoja, na kila asubuhi alitoka nyumbani akihofia asimkute hai akirudi.

Watu wa Kigombe waliponunua jeneza jipya la chuma, Zeyana aliwafuata, akawaamkia wazee, akaliomba lile kuukuu la mbao lililowabeba babu zao. Walimpa. Ila Mzee Abdulwakil, mtunza msikiti, alimvuta kando.

"Liweke kifudifudi, mwanangu," alinong'ona. "Na usilitandike. Jeneza likitandikwa linangoja mtu."

Zeyana aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alishuku. Alidhani wanamwona Mmanga wa mjini, hawataki aonyeshe chao kilivyo. Sikio la kufa halisikii dawa. Alilisimamisha kwa miguu yake, akatandika mkeka mpya na kulifunika shuka jeupe, ili wageni waone jinsi jamii inavyomsindikiza mtu wake. Lilipendeza, na yeye akaona fahari.

Kesho yake shuka lilikuwa limebonyea katikati. Alimshuku Sabiri, mlinzi, kwamba amejipatia kitanda cha bure. Sabiri aliapa kwamba chumba kile hakiingii hata mchana. Zeyana hakumwamini. Alikinyoosha kila kitu, akafunga mlango mwenyewe na kwenda na ufunguo nyumbani.

Asubuhi mbonyeo ulikuwa umerudi, umezama zaidi. Mkeka umelowa, unanuka kafuri, ile ya kuoshea maiti. Alitazama dirisha. Limefungwa. Alitazama dari. Kavu. Akaweka kiganja juu ya mkeka.

Ulikuwa na joto.

Ndipo alipoona kwamba katika mbonyeo ule alama ya bega moja imezama kuliko ya jingine. Alilijua bega lile. Ndilo analolalia mama yake tangu apooze.

Hakumwita Sabiri. Alilivuta shuka, akatupa mkeka, akalipindua jeneza peke yake. Kishindo cha kitu kizito kikasikika sakafuni. Sakafu ilikuwa tupu.

Alipanda bodaboda mbio hadi nyumbani, midomo ikisoma asichokijua. Mama yake alikuwa kitandani, macho wazi, anapumua. Zeyana alimkumbatia akalia kwa furaha. Bi Suhaila akamsogezea mdomo sikioni.

"Mbona umenipindua, mwanangu? Nilikuwa nishalala."

Bi Suhaila yu hai mpaka leo, anakula, anazungumza na wageni. Lakini Zeyana hakubali mtu mwingine amwogeshe. Mgongoni mwa mama yake pamejichora ukili wa mkeka, safu kwa safu, na haufutiki, ilhali mama huyo hulala godoro. Na maji yakishampitia mwilini, hata kama yametoka bombani sasa hivi, yananuka kafuri.