Kolye Nilizomchagulia Faustin

Naitwa Dafroza, nina umri wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, na ninauza vipuri vya magari hapa Muhima, Kigali. Nililelewa Ngara, upande wa Tanzania, nikarudi Kigali nikiwa msichana. Haya ninayoyaandika, mume wangu mwenyewe ameyajua mwezi uliopita tu. Nisomeni, na mkitaka kunitukana, nitukaneni.

Consolata ni rafiki yangu, nimekua naye tangu Ngara kama dada. Mumewe, Faustin, ana gari lake la kukodisha. Ni mtu mpole, na akiniita shemeji unasikia kabisa kwamba anamaanisha. Vipuri vyake vingi alinunua kwangu.

Mimi ndiye niliyemfundisha kuchagua kolye. Ni vile vikanda vya chuma vinavyobana mpira wa maji ya moto kwenye rejeta. Nilimwambia achukue ile ambayo ndani ni laini na kingo zake zimekunjwa, isije ikaukata mpira. Ile iliyotobolewa matundu kwa skrubu aikimbie. Nikampa na sumaku ndogo, akaifunga kwenye funguo zake. Nilimwambia sumaku ikishika, hiyo ni ya kung'aa tu, itaota kutu na meno yake yatateleza siku injini ikichemka.

Alhamisi moja akaja mbio. Jumamosi tulikuwa tunakwenda kumtolea mahari mdogo wangu Eriki kwa wakwe zake, huko Shyorongi, na Faustin alikuwa amejitolea kuwabeba wazee bure. Fundi alikuwa amemwambia kolye za rejeta zimechoka.

Nzuri nilikuwa nazo nne, kwenye droo. Lakini nilikuwa nimemwekea mteja mmoja mkubwa, mkali, mwenye magari mengi, ambaye akikasirika husikika mtaa mzima. Nilizobaki nazo zilikuwa zile za kung'aa. Niliogopa nini kumwambia Faustin apitie duka la jirani? Sijui... Ninachokumbuka ni wazo lililonipitia kichwani: huyu ni mtu wetu, huyu hatalalamika.

Nikamfungia za kung'aa. Hakuzitazama hata mara moja!

Jumamosi asubuhi nikapangiwa gari lake. Mbele alikaa baba mdogo Karoli, msemaji wa ukoo wetu siku hiyo, na nyuma tulibanana mimi na shangazi wawili. Tulikuwa tumechelewa kidogo, na mnajua ujumbe wa mwoaji ukichelewa unavyosimangwa na kutozwa faini mbele ya wageni. Kila mtu alimwambia Faustin akanyage mafuta.

Tukapita Nyabugogo, tukaanza kupanda kilima. Nilikuwa nimekaa katikati, kwa hiyo mshale wa joto niliuona vizuri. Mwanzoni ulikuwa umetulia. Baada ya kona ya tatu ukaanza kusogea...

Shangazi mmoja akauliza kama gari litafika. Faustin akacheka.

"Msiogope. Kolye ni mpya, iko ya kwa Dafroza. Huyu hawezi kunipa kitu mbaya."

Shangazi zangu wakanipigapiga magoti kwa furaha. Mimi jasho lilikuwa linanitoka mgongoni, vitenge vyote vimenikaba. Nilijua! Ndani ya gari lile ni mimi peke yangu niliyejua. Neno lilikuwa moja tu, simama. Lakini ningesimamishaje msafara wa mahari ya mdogo wangu, nikasema mbele ya baba mdogo kwamba nimemuuzia takataka mtu aliyetubeba bure? Nikanyamaza. Nikahesabu kona. Nikamwomba Mungu anifikishe juu, nikamwahidi kwamba Jumatatu nitazibadilisha mwenyewe.

Harufu tamu ya maji ya rejeta ikaingia ndani. Mshale ukagonga mwisho. Faustin akasimama pembeni, akashuka, akafungua boneti.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilipiga kelele asiguse, lakini kolye ilikuwa imeshaachia. Mpira ukachomoka na maji yakamrukia usoni, shingoni, mkononi. Sauti aliyotoa siwezi kuiandika.

Mahari ilipelekwa. Wengine waliendelea, Eriki akapewa mke wake, watu wakacheza. Mimi nilikuwa hospitalini na Consolata, nikimshika mkono, nikimwambia ni ajali tu. Jicho la kushoto la Faustin halikupona.

Nilikaa na siri hiyo miezi minne. Kila nikienda kumtazama, alikuwa akiwaambia wageni kwamba fundi ndiye hakukaza vizuri, shemeji alimpa mali safi. Mnajua inavyouma kutetewa na mtu uliyemuumiza? Mwezi uliopita nikashindwa. Nikapiga magoti sebuleni kwao, nikasema yote, pamoja na zile nne za kwenye droo.

Consolata aliinuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Mpaka leo hajapokea simu yangu.

 Faustin akatoa funguo mfukoni, akaanza kuifungua ile sumaku taratibu, kwa kupapasa, kwa sababu kuona vitu vidogo kwa jicho moja kunamsumbua.

"Ya watu wengine yote nilikuwa napima, shemeji," alisema. "Ya kwako sijawahi kupima."

Akaiweka kiganjani mwangu.

Sasa iko kwenye kaunta yangu. Mteja akinunua kolye namwambia apime mbele yangu, hata anayesema ananiamini. Huyo hasa ndiye namlazimisha.

Ndugu zangu, nawasihi. Kitu kibovu msimpe mtu wenu kwa sababu tu hatawagombeza. Na kama mmeshakosea, mkauona mshale unapanda na sababu mnaijua, semeni hapo hapo, aibu iwapate mkiwa bado barabarani. Mimi nilipewa kilima kizima niseme, na sikusema...